Vya Kutupwa au vya Kudumu: Namna ya Kuchagua Vifaa Kinga vya Kubomolea Nyumba ya Zamani

Kabla hujanunua barakoa hata moja, ingia katika nyumba itakayobomolewa ukiwa na tochi na daftari, uipitie chumba kwa chumba. Chukua mfano wa nyumba ya Kiswahili ya Kariakoo au Ilala jijini Dar es Salaam, mojawapo ya zile zinazoondolewa kupisha maghorofa: ukumbi mrefu katikati, vyumba vikitazamana pande mbili, na uani kuna jiko na choo. Ndani ya nyumba hiyo moja mna uchafu wa namna nne au tano zisizofanana. Juu ya dari kuna kinyesi cha popo na mkojo wa panya. Kuta, ziwe za boriti na udongo zilizopigwa lipu au za matofali ya saruji, hutoa vumbi lenye silika, yaani madini yaliyomo katika mchanga na mawe, kila zinapogongwa. Milango na madirisha yamepakwa rangi ya mafuta tabaka juu ya tabaka, na tabaka za chini, zilizopakwa miaka mingi iliyopita, huenda zina madini ya risasi. Uani kuna shimo la choo. Na paa likiwa la asbesto, yaani madini ya nyuzinyuzi zinazodhuru mapafu, badala ya mabati, kazi nzima inabadilika, kama nitakavyoeleza. Andika kila unachokiona, kwa kuwa orodha hiyo ndiyo utakayokwenda nayo dukani.

Ukishakuwa na orodha, jiulize juu ya kila kifaa swali hili: kikichafuka, kinaweza kusafishwa kikatakata, na ni nani atakayekisafisha, wapi, kwa maji gani? Buti la mpira hupigwa maji na sabuni likarudi kuwa safi mbele ya macho yako, kwa hiyo ni kifaa cha kudumu bila ubishi. Vazi la kitambaa lililonasa nyuzi za asbesto halisafishiki kwenye beseni hata ulifue mara kumi, kwa hiyo ni la kutupwa hata kama lilinunuliwa kwa bei ya kudumu. Wasimamizi wengi huanza na bei, nami naelewa sababu, lakini nimeona katika saiti zaidi ya moja ovaroli iliyoitwa ya kudumu ikikunjwa kwenye mfuko jioni, ikapandishwa daladala, na kufuliwa na mke au mama wa kibarua katika beseni lilelile la nguo za watoto. Ulaya na kwingineko wako wanawake waliougua saratani ya utando wa mapafu ambao hawakuwahi kukanyaga kiwanda cha asbesto. Walichofanya ni kufua nguo za kazi za waume zao. Kama huna mahali pa kufulia kwenye saiti na mtu aliyepewa kazi hiyo, basi kwa uchafu wa hatari huna vazi la kudumu.

Neno moja kuhusu nani anunue. Tanzania inayo Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Namba 5 ya mwaka 2003, na Kenya inayo sheria yake ya mwaka 2007. Zote mbili zinamwekea mwajiri wajibu wa kuwapatia wafanyakazi vifaa kinga. Mkataba Namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unasema hatua za usalama zisimgharimu mfanyakazi. Kumkata kibarua wa kutwa bei ya barakoa kwenye ujira wake ni kosa, nalo lina matokeo yanayoonekana siku hiyohiyo: atavaa barakoa moja wiki nzima.

Tuanze na pumzi, kwa maana hapo ndipo makosa yanapoua. Vumbi la kuta lina chembe za silika zilizo ndogo kiasi kwamba jicho haliwezi kuziona, na hubaki zikielea hewani muda mrefu baada ya wingu linaloonekana kutulia. Mwaka 1997 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliiweka silika ya namna hiyo katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani. Nchini Marekani kikomo cha kisheria kwa siku ya kazi ya saa 8 ni mikrogramu 50 katika mita moja ya ujazo wa hewa, kiasi kidogo mno ambacho grenda moja inayokata zege kavu hukipita kwa haraka. Tena mtu ambaye mapafu yake yameharibiwa na silika huwa katika hatari kubwa zaidi ya kupata kifua kikuu, jambo ambalo katika nchi zetu halipaswi kuchukuliwa kwa wepesi. Kitambaa kilichofungwa puani hakisaidii kitu hapa. Barakoa ya hospitali nayo haisaidii, kwa kuwa hewa hupita pembeni.

Barakoa ya kutupwa inayofaa huandikwa daraja lake juu yake. Kwa kipimo cha Ulaya kiitwacho EN 149, FFP1 huzuia angalau asilimia 80 ya chembe za majaribio, FFP2 asilimia 94, na FFP3 asilimia 99. Kwa kipimo cha Marekani, N95 huzuia asilimia 95. Kwa kubomoa kuta usishuke chini ya FFP2 au N95, na kwa kukata zege au kugusa kitu chenye asbesto nenda FFP3. Tazama pia herufi zinazofuata: NR maana yake ni kwamba imekusudiwa zamu moja tu ya kazi. Alama ya CE, yaani ya kukidhi masharti ya Ulaya, kwenye barakoa halisi hufuatwa na tarakimu nne, na barakoa ya Marekani huwa na namba ya idhini inayoanza na TC. Pakiti isiyo na maandishi hayo, hata iwe na picha nzuri namna gani, ihesabu kuwa ni kitambaa.

Upande wa kudumu kuna barakoa ya mpira ya nusu uso, inayofunika pua, mdomo na kidevu, yenye vichujio viwili vinavyobadilishwa. Hiki ni kifaa ambacho ndani yake mna vya aina zote mbili: mpira ni wa kudumu, unaooshwa kila jioni, na kichujio ni cha kutupwa. Kwa mizani ya Uingereza, barakoa ya nusu uso yenye kichujio cha daraja la P3 inahesabiwa kutoa kinga sawa na FFP3, yaani kupunguza vumbi linalovutwa mara 20, na ile ya uso mzima mara 40. Ikiwa kinga ni sawa kwenye karatasi, kwa nini mimi huchagua mpira kwa kazi inayozidi wiki moja? Ni kwa sababu ya jasho. Katika joto la Dar es Salaam, hasa miezi ya Januari na Februari, barakoa ya kutupwa hulowa kabla ya saa nne asubuhi, hulegea, huanza kupitisha hewa pembeni ya pua, na aliyeivaa huishusha kidevuni ili apumue. Mpira hukaa usoni ulivyokaa, na vali yake ya kutolea pumzi hupunguza joto. Ukiamua kutumia za kutupwa, nunua zenye vali na zenye mikanda miwili ya kichwani. Za kufunga masikioni hazikazi vya kutosha.

Hesabu yenyewe ni rahisi, na kila mtu aiweke bei za duka lake. Vibarua wanane, siku sita kwa wiki, barakoa mbili kwa kila mtu kwa siku, ni barakoa 96 kwa wiki na 288 kwa kazi ya wiki tatu. Watu haohao wakipewa barakoa za mpira watahitaji barakoa nane na, tuseme, jozi mbili za vichujio kila mmoja, kisha mpira utabaki kwa kazi ijayo. Lakini kama kazi ni ya siku mbili, kuvunja ukuta mmoja na kuondoa kifusi, barakoa 32 za kutupwa zinatosha na hakuna haja ya kuingia gharama kubwa zaidi. Tahadhari moja: usiihesabu barakoa ya kutupwa kana kwamba itafuliwa. Uwezo wake wa kunasa chembe ndogo unatokana na chaji ya umeme tuli iliyo katika nyuzi zake, na sabuni au spiriti huiondoa chaji hiyo ilhali barakoa yenyewe inaonekana safi kuliko jana. Kichujio cha vumbi cha barakoa ya mpira nacho hakioshwi, hakipulizwi kwa kompresa, wala hakikung'utwi ukutani. Hubadilishwa pumzi inapoanza kuwa nzito, kinapolowa au kinapopasuka.

Barakoa yoyote, ya kutupwa au ya kudumu, haifanyi kazi juu ya ndevu. Huo ni ukweli wa kimaumbile wala si maoni: kingo za barakoa lazima ziguse ngozi. Katika pwani yetu wako mafundi wengi wanaofuga ndevu kwa ajili ya dini yao, nao hawapaswi kuwekwa mahali pa kuchagua kati ya imani na mapafu. Kipo kifaa cha kudumu kinachowafaa, yaani kofia pana inayoletewa hewa iliyochujwa na feni ya betri, lakini bei yake ni kubwa na saiti nyingi hazina. Pasipo kifaa hicho, mpange fundi huyo kwenye kazi zilizo mbali na vumbi, kama kupakia kifusi kilichokwisha kulowana au kupokea mbao nje. Wengine wote wajaribu barakoa kila asubuhi: mvaaji afunike vichujio kwa viganja, avute pumzi, na barakoa inyonywe usoni bila hewa kupenya.

Sasa vazi. Hapa sikubaliani na wale wanaosema vazi la kutupwa ni salama zaidi siku zote. Vazi jepesi la karatasi ya plastiki, lile jeupe lenye kofia na zipu, hupasuka kwenye msumari wa kwanza wa kenchi, na mara nyingi hupasuka makalioni fundi anapochuchumaa kuokota tofali. Kwa kubomoa kuta za kawaida, ovaroli nene ya pamba au ya mchanganyiko wa pamba ndiyo bora: inahimili misumari, inapitisha jasho, na vumbi la saruji hutoka kwa kufua. Kila mtu awe na mbili, moja mwilini na moja kwenye kamba. Zikusanywe saiti kwenye pipa lenye kifuniko, zilowekwe kabla ya kuguswa, zifuliwe peke yake, na pasiwepo mtu wa kuzikung'uta, kwa maana kukung'uta ni kulirudisha vumbi hewani karibu na uso.

Kuna mahali ambapo vazi la kutupwa ni marufuku kabisa, napo ni penye moto na cheche. Fundi anayekata nondo kwa grenda au mabomba kwa gesi akivaa vazi la plastiki, cheche hulitoboa na kuliyeyusha juu ya ngozi. Huyo avae ovaroli ya pamba tupu, glavu za ngozi na ngao ya uso, naye afanye kazi mbali na waliovaa meupe.

Vazi la kutupwa lina nafasi yake pale ambapo uchafu hausafishiki, na nafasi hizo ni tatu katika nyumba yetu. Ya kwanza ni darini. Kinyesi kikavu cha popo au njiwa kinaweza kubeba kuvu linaloshambulia mapafu, kwa hiyo kilowanishwe kwa maji kabla ya kuguswa, kisifagiliwe kikavu kamwe, na anayepanda avae vazi la kutupwa, miwani iliyoziba pembeni, na barakoa ya FFP3 au ya mpira. Ya pili ni kukwangua rangi za zamani. Vumbi la risasi huingia mwilini kwa pumzi na pia kwa mdomo, kupitia mikono, sigara na chakula, na anayeumia zaidi ni mtoto wa nyumbani anayepakatwa na baba aliyerudi na nguo za kazi. Ya tatu ni asbesto.

Shuka la asbesto ni la kijivu, nene kuliko bati, lenye mawimbi mapana, nalo huvunjika badala ya kupinda. Ukiona paa la namna hiyo, lichukulie kuwa ni asbesto mpaka maabara iseme vinginevyo, na uwasiliane na mamlaka ya mazingira ya nchi yako kabla ya kuligusa, kwa kuwa taka hiyo ina utaratibu wake wa kuondolewa na kuzikwa. Watakaofanya kazi hiyo wavae vazi la kutupwa la aina ya 5, ambayo ndiyo aina iliyopimwa kwa chembe kavu, na lizidi kipimo cha mvaaji kwa saizi moja ili lisichanike. Kofia ya vazi ipite juu ya mikanda ya barakoa. Miguu ya vazi ivalishwe nje ya buti, wala isichomekwe ndani, na kwenye vifundo vya mikono pazungushiwe tepu. Buti liwe la mpira lisilo na kamba, kwa sababu nyuzi hunasa kwenye kamba na tundu zake. Mashuka yalowanishwe, yafunguliwe bolti kwa bolti, na yashushwe mazima bila kuvunjwa.

Joto ndilo adui mkubwa wa mpango huu wote. Mtu ndani ya vazi lisilopitisha jasho anaweza kuzimia juu ya ngazi. Usimvalishe ovaroli ya kitambaa chini ya vazi la kutupwa. Kaptula na fulana nyepesi zinatosha. Anza kazi alfajiri, badilisha watu mara kwa mara, weka maji ya kunywa mahali safi nje ya eneo la vumbi, na uhesabu kila mapumziko kuwa vazi jingine, kwa sababu vazi lililovuliwa darini halivaliwi tena baada ya chai. Hapo ndipo wasimamizi wengi hukosea manunuzi: hununua mavazi kwa idadi ya watu, wakati yanapaswa kununuliwa kwa idadi ya mara za kuingia.

Choo cha uani kina mantiki nyingine, nayo inaegemea vya kudumu. Uchafu wa chooni ni wa majimaji na wadudu wa maradhi, na vitu hivyo husafishika. Gambuti refu, glavu ndefu za mpira mzito na aproni ya plastiki huoshwa kwanza kwa sabuni hadi uchafu uondoke, kwa kuwa klorini hupotea nguvu juu ya kinyesi, kisha hupitishwa kwenye maji ya klorini ya asilimia 0.5. Ukitumia Jik ya asilimia 3.5, changanya sehemu moja ya Jik na sehemu sita za maji, na usiichanganye na asidi yoyote ya kusafishia. Glavu nyembamba za hospitali hazifai hapa peke yake. Zinachanika kwenye tofali la kwanza. Wala mtu asiingie ndani ya shimo akiwa na barakoa ya vumbi akidhani amekingwa, kwa maana kichujio cha vumbi hakizuii gesi ya shimo wala hakiongezi hewa pale ilipopungua.

Vilivyobaki havina mjadala mrefu. Kofia ngumu ni ya kudumu, lakini ina tarehe ya kutengenezwa iliyochongwa ndani. Isome, hasa ukinunua ya mtumba, na uitupe kofia iliyopigwa na kitu kizito hata kama haina ufa. Buti liwe na chuma mbele na bamba la kuzuia misumari kwenye soli, kwa kipimo cha Ulaya daraja la S3, au S5 kwa la mpira. Glavu za ngozi ni za kudumu kwenye tofali na mbao, lakini zikilowa uji wa saruji au chokaa mbichi zitupwe, kwa kuwa ngozi ya glavu huunyonya uji huo, nao huunguza mikono polepole. Kofia, miwani na barakoa ya mpira viandikwe jina la mtu, visigawanwe.

Jioni fuata mpangilio mmoja bila kuubadilisha. Buti lifutwe au lioshwe kwanza. Vazi la kutupwa livuliwe kwa kukunjwa nje ndani, kuanzia kichwani kwenda chini, barakoa ikiwa bado usoni. Glavu zifuate, na barakoa iwe ya mwisho kabisa, ikifuatiwa na mikono na uso kwa maji mengi na sabuni. Barakoa ya mpira itolewe vichujio, ioshwe kwa sabuni laini, vali zikaguliwe kama zimejikunja, ikaushwe kivulini, kisha ifungiwe kwenye kopo lenye kifuniko. Ikitundikwa msumarini usiku kucha hujaa vumbi upande wa ndani, nao ndio upande wa pumzi.

Vya kutupwa viingie kwenye mifuko miwili, mmoja ndani ya mwingine, na mdomo ufungwe. Visichomwe saiti: plastiki hutoa moshi mbaya, na asbesto haiungui. Mifuko ya asbesto iandikwe na iende pamoja na mashuka yake. Mavazi mengine yachanwe kabla ya kufungwa, kwa sababu yapo yanayookotwa dampo, yakakunjwa upya na kuuzwa kama mapya.

Mwisho wa siku hesabu vichujio, barakoa na mavazi yaliyotumika, na uandike kwenye daftari lile ulilopitia nalo vyumbani. Idadi ikiwa ndogo kuliko ilivyopaswa kuwa kwa watu na saa za siku hiyo, usiifurahie kama akiba. Maana yake ni kwamba yuko anayepumua kupitia kichujio kilichoziba, au ameacha kuvaa kabisa, nawe unapaswa kumjua kesho asubuhi kabla nyundo hazijaanza.